Mzigo wa Mwisho wa Cornelius

Winifrida hakuwahi kuona vita kwa macho yake. Alizaliwa Mwimbi, akaolewa Mwimbi, akafiwa na mume palepale Mwimbi, na maadui wakubwa aliowahi kupambana nao ni panya, viwavijeshi na bei ya mbolea. Lakini mwaka juzi vita vya Mjerumani na Mwingereza vilimfuata hadi shambani, vikiwa vimechelewa miaka mia moja na kitu, vimepanda gari la kukodi kutoka Sumbawanga mjini, na aliyevionyesha njia ni mwanawe wa kumzaa mwenyewe.

Mwana huyo ni Kalisti. Ana kibanda cha kutengeneza simu kule Chanji, mjini Sumbawanga, ana mke mpole na watoto, haibi, halewi hadi kuanguka, na Jumapili akikosa misa hujisikia vibaya mpaka Jumatatu mchana. Ila Mungu alipokuwa akimuumba, alipofika kwenye mdomo alisahau kuweka kifuniko. Neno likiingia sikioni mwa Kalisti asubuhi, mchana linazunguka stendi. Mama yake alilijua hilo tangu mtoto anaota meno, na bado alimsimulia habari za Cornelius, maana asipomsimulia mwanawe angemsimulia nani.

Cornelius alikuwa babu yake Winifrida. Vita vya kwanza vya dunia vilimkuta kijana, anaishi na mama yake na mdogo wake aliyeitwa Adolfu, jina alilopewa na padri siku ya ubatizo na ambalo wakati huo halikuwa na kosa lolote. Hawakuwa askari. Hawakupewa bunduki, na hata wangepewa wasingejua wampige nani, kwa sababu pande zote mbili ziliwatendea sawasawa. Kwanza alikuja Mjerumani, akawakamata, akawatwisha masanduku ya risasi. Kisha Mwingereza akapanda kutoka kusini, akamfukuza Mjerumani, na ndugu wale wakamshukuru Mungu kwa kukombolewa. Wakakombolewa kweli: wakatua masanduku ya Mjerumani, wakatwishwa ya Mwingereza. Huyu wa pili alikuwa mstaarabu zaidi. Aliwaita tengatenga, na kila mmoja akamvalisha shingoni kipande cha shaba chenye namba, ili akifa ijulikane ni namba ipi imepungua.

Walibeba risasi, mahema na viti vya kukunja. Cornelius alisimulia kwamba kuna wakati walipandisha milima na beseni la kuogea la bwana mmoja mkubwa, beseni tupu, la bati, watu wanne kwa zamu, maana vita haviwezi kupiganwa na mtu mchafu. Vilipokwisha Ulaya, huku havikuwa na habari. Kule watu walikuwa wanapiga kengele na kukumbatiana, huku waliendelea kuuana siku kadhaa kwa kukosa taarifa. Mwishowe Mjerumani akaja kusalimisha silaha zake Abercorn, Mbala ya leo, Zambia, ng'ambo tu ya mpaka. Bwana akampigia bwana saluti. Wapagazi wakaambiwa waende makwao. Njia waijue wenyewe, chakula wakijue wenyewe, na ile homa mbaya iliyokuwa inaua watu mwaka ule nayo waijue wenyewe.

Homa ilimshika Adolfu njiani. Cornelius akamweka mgongoni, akatembea naye. Kwa mara ya kwanza tangu vita vianze alikuwa amebeba kitu alichokitaka. Walifika mteremko ule ambao sasa ni shamba la Winifrida, moshi wa jikoni kwa mama yao unaonekana kabisa upande wa pili wa bonde, na hapo mikono ya Adolfu ikalegea shingoni mwa kaka yake. Watu wa kijiji walipiga kelele kutoka mbali wasiletewe homa. Cornelius akamzika palepale, na shaba yake shingoni, akapanga mawe juu. Baadaye aliomba apewe mteremko ule alime, akaulima hadi uzee wake, isipokuwa pale penye mawe. Aliyemuuliza habari za vita alijibiwa jibu moja tu: "Mzigo wangu wa mwisho niliutua pale." Halafu aliomba pombe.

Wazungu waliokufa kwenye vita vilevile wamelazwa penye uzio, nyasi zimenyolewa na majina yamechongwa. Adolfu yeye alikuwa na Winifrida tu. Baba yake Winifrida alichonga msalaba kwenye jiwe kubwa kuliko yote, na kila mwaka tarehe mbili Novemba, Siku ya Marehemu Wote, Winifrida alipeleka kibuyu cha pombe ya ulezi, akamwaga kidogo na kunywa iliyobaki, akiamini kwamba Adolfu hakuwa mchoyo. Hiyo ndiyo ilikuwa kumbukumbu ya taifa kwa upande wa Mwimbi.

Sasa, siku moja Kalisti yuko kibandani kwake Chanji anabadilisha kioo cha simu ya mteja, na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, mdomo nao ukatafuta ya kwake. "Babu yetu sisi alikuwa mpagazi wa Mjerumani," akasema. "Mzigo wake wa mwisho kautua shambani kwetu. Upo mpaka leo, haujaguswa."

Kila neno lilikuwa la kweli. Lakini mjini ukisema mzigo upo, hakuna anayewaza maiti. Mteja alisikia dhahabu, akamwambia mwenzake kwamba ni masanduku, na habari ilipozunguka ikarudi kibandani ilikuwa imeshakuwa shehena ya benki nzima ya Mjerumani. Kalisti alijaribu kukanusha kidogo. Aliposimuliwa mara ya tatu, na watu watatu tofauti, akaanza kujiuliza kama si mama yake ndiye aliyesimulia vibaya.

Basi mwezi wa pili, mvua inanyesha, gari likasimama uani kwa Winifrida. Aliteremka Kalisti, na nyuma yake akateremka mtu wa makamo aliyejiita Injinia Loth. Injinia wa nini, hakuna aliyeuliza. Alikuwa amevaa kofia ngumu ya manjano, na kofia ile ilitosha kuwa cheti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni. Kuna msiba?"

"Hakuna, mama, ni heri tupu. Tumekuja kuuona mzigo."

Winifrida akamtazama mwanawe. Kalisti akatazama kuku. Basi mama akawaeleza yote, kwa upole, kama katekista anavyowaeleza watoto wa kipaimara: kwamba mle kuna mtu, jina lake Adolfu, alikufa kwa homa, alibebwa na kaka yake. Injinia alisikiliza hadi mwisho huku anatabasamu.

"Mama, nimekuelewa vizuri sana. Hata mimi ningekuwa wewe ningesema hivyohivyo."

"Ungesema nini?"

"Kwamba ni kaburi."

Wakaenda shambani. Injinia alipouona msalaba kwenye jiwe alivua kofia. Alisema hiyo ndiyo alama yenyewe, Mjerumani alikuwa anaweka msalaba penye mali ili watu waogope.

"Huo kauchonga baba yangu," Winifrida akasema. "Kwa patasi ya kuazima. Mimi nilikuwa namshikia jiwe."

"Na baba yako nani alimwagiza?"

"Nani amwagize! Huyo ni baba yake mdogo! Mle hamna kitu, baba yangu, hamna hata sanda. Ana kipande cha shaba tu shingoni."

Angejua asingesema. "Shaba!" Injinia akamgeukia Kalisti, macho yamemtoka. "Umesikia? Shaba siku zote inakaa juu. Dhahabu iko chini yake."

"Na mkikuta mifupa?" akauliza Winifrida, sauti imeanza kupanda. "Mkikuta mifupa mtasemaje?"

"Mifupa, mama, ndiyo uhakika wenyewe. Mjerumani alikuwa anamzika mpagazi juu ya mali ili ailinde."

Hapo ndipo Winifrida alipoogopa. Alielewa kwamba hakuna kitu duniani ambacho mtu huyu angekikuta mle kikamrudisha nyuma. Akikuta mtu, atamtupa pembeni na kuendelea kuchimba. Adolfu alibeba mizigo ya watu wawili wasiomhusu bila kupewa hata shati, na sasa walitaka hata kufa kwake kuwe kazi ya ulinzi. Akamvuta mwanawe kando.

"Kalisti. Huyo ni babu yako."

"Mama, ni mdogo wake babu yako wewe. Kwani tunamfanya nini? Tunamsogeza tu. Dili hili likikaa sawa unajengewa nyumba ya vigae."

"Nyumba yangu ina bati."

"Ndiyo nasema, mama. Vigae."

Alitamani kumchapa, lakini kijana ana ndevu. Bahati nzuri siku ile hawakuchimba. Mashine ya Injinia, ile inayolia ikinusa chuma au shaba, ilikuwa Tunduma kwa fundi, na bila mashine Injinia hakuwa tofauti na mtu yeyote mwenye sururu. Wakaahidi kurudi baada ya Pasaka. Winifrida alikwenda hadi kwenye ofisi moja, isiyo na haja ya kutajwa, kuomba msaada. Akaambiwa kwamba kama mle kuna mali, ni ya serikali, na kama kuna mtu, alete kibali cha mazishi. Aliuliza kama kibali cha enzi za Kaiza kingefaa. Akaambiwa alete na nakala.

Akarudi nyumbani, akakaa na hasira yake siku kadhaa, akaendelea na kazi. Na kazi ya mwezi wa tatu Ufipa ni ntumba. Nyasi zikishashiba mvua, watu huzikata, huzilundika, huzifunika kwa udongo wa juu uliogeuzwa, yanakuwa matuta ya duara, mazito, shamba zima. Nyasi zinaozea ndani, na mvua za mwaka unaofuata zikianza, matuta yanasambazwa na ulezi unapandwa. Mgeni akiona shamba la ntumba kwa mara ya kwanza huuliza ni maradhi gani yaliyoua watu wengi namna hii. Winifrida alikuwa ameinua jembe kwenye tuta la kumi au zaidi, akanyoosha mgongo, akatazama alikotoka, na wazo likamjia palepale amesimama.

Lilikuwa wazo zuri na lilimuuma sana. Ilibidi aondoe mawe kwa mikono yake mwenyewe, yale ambayo babu yake aliyapanga na ambayo yeye alikuwa anayapalilia tangu msichana. Alilia, na hakuna haja ya kumfichia. "Adolfu, unisamehe," alimwambia. "Wanakuja kukutafuta, na ndiyo mara ya kwanza unatafutwa." Mawe madogo yalikwenda kwenye msingi wa banda la nguruwe. Lile la msalaba alilisukuma na kulibingirisha hadi nyumbani, akalilaza mlangoni, msalaba chini, likawa jiwe la kukanyagia. Kisha akakata nyasi ndefu za pale kaburini, akalundika, akafunika. Adolfu akawa ntumba katikati ya ntumba.

Ikabaki ile shaba. Mashine ingemnusa tu. Winifrida akaenda kwa jirani yake Dominika, mwenye kilabu cha pombe, akaomba vizibo vya soda na bia vilivyojaa uani kwake. Akavizoa kwa ndoo, na kila tuta alilotengeneza akatia konzi ya vizibo. Vilipoelekea kwisha akaongeza misumari, vijiko vilivyokatika, bawaba, kila takataka ya chuma aliyoikuta nyumbani.

"Mama Kalisti, hiyo ni nini unatia?" Dominika alimuuliza akiwa kando ya shamba, mikono kiunoni.

"Mbolea," akajibu Winifrida, maana ndilo neno lililomjia.

"Ya vizibo?"

"Inatoa madini taratibu."

Alikuwa anatania. Lakini kwa bei ya mbolea mwaka ule, hakuna mkulima aliyekuwa na hali ya kucheka. Dominika alirudi kwake, na siku iliyofuata vizibo havikuwa vya kupewa tena. Alikuwa anavitia kwenye ntumba zake mwenyewe. Jirani wa chini akaona, jirani wa juu akasikia. Kufika Pasaka kitongoji kizima kilikuwa kimezika vizibo, na mtu mmoja alikuwa anaapa kwamba maharage aliyopanda juu ya matuta yamekuwa ya kijani kuliko ya mwaka jana.

Injinia Loth alirudi na Kalisti, na mashine yake, na vijana wawili wa kuchimba. Njia ilikuwa tope, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, alisimama mlangoni akakwangua viatu vyake kwa makini kwenye lile jiwe, kwanza kulia kisha kushoto, huku anamsalimia mama. Winifrida aliitikia marahaba bila kupepesa macho. Wakashuka shambani. Injinia akasimama, akageuza shingo huku na huku. Matuta, matuta, matuta.

"Mama, liko wapi lile kaburi?"

"Kaburi gani, baba? Si ulisema mwenyewe si kaburi."

Hakuna tatizo, alisema Injinia, mashine haidanganywi. Akaiwasha. Ikalia. Akasogea hatua moja, ikalia. Akaenda kwenye tuta jingine, ikalia kama mbuzi aliyeachwa kambani. Uso wa Injinia ulijaa furaha ambayo Winifrida karibu aionee huruma. "Ni shehena!" alipiga kelele. "Imetapakaa shamba lote!" Wakavunja tuta la kwanza. Vizibo. Injinia akaokota kimoja, akakifuta tope, akakigeuza. Kilikuwa cha zile soda za bahati nasibu, na ndani yake kumeandikwa kwa herufi kubwa: JARIBU TENA.

Akajaribu tena. Akajaribu asubuhi nzima. Tuta la pili, la tatu, na mengine, na alivyozidi kukuta vizibo ndivyo alivyozidi kumheshimu Mjerumani. Alieleza kwamba hiyo ni mitego ya kijeshi, adui anamchosha mchimbaji kabla hajafika penyewe. Kijana mmoja aliuliza kama Mjerumani wa wakati ule alikuwa anakunywa soda ya nanasi. Akaambiwa asilete siasa kazini. Kisha Injinia akaipeleka mashine mpakani, ikalia hadi shambani kwa Dominika, na akatangaza kwamba mali imefika huko nako. Dominika akaja na jembe begani, na majirani nyuma yake, kuuliza ni nani huyo anayetaka kufukua mbolea yao.

Wakati kelele hizo zinaendelea, Kalisti alikuwa peke yake katikati ya shamba anavunja tuta. Kutoka pale alipokuwa, Adolfu alikuwa tuta la tatu. Winifrida alisimama juu ya mteremko, mkono mdomoni. Akamwona mwanawe anainama, anaokota kitu, anakifuta kwenye suruali, anakiangalia muda mrefu. Lilikuwa bizimu la mkanda wa shule, kile chuma cha kufungia, limeliwa na kutu, na nyuma yake herufi K iliyokwaruzwa kwa msumari na mtoto wa darasa la tatu aliyechoka kuibiwa mkanda.

Kalisti akainua kichwa, akamwona mama yake. Alilitia bizimu mfukoni, akachukua chepe, akarudisha udongo wa tuta lile na kuushindilia kwa mikono. Halafu akapanda hadi walipokuwa wanagombana.

"Injinia, hapa hamna mzigo. Twende."

"Hamna vipi, mshikaji, wakati mashine inalia?"

"Nimesema hamna. Mimi nilisikia vibaya."

Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake Kalisti alisema neno dogo kuliko alilokuwa nalo. Majembe ya akina Dominika yalisaidia kulikamilisha, na gari liliondoka kabla ya chakula cha mchana. Inasemekana Injinia sasa yuko Kasanga, anatafuta beseni la dhahabu.

Novemba ikafika. Tarehe mbili Winifrida alitoka misani, akachukua kibuyu chake, na alipofika shambani akamkuta Kalisti amekaa ukingoni, amevaa shati la Jumapili, amekuja kutoka Chanji bila kumwambia mtu. Akamwamkia, akamrudishia lile bizimu. Mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yanakusanyika. Wiki chache tu na ntumba zote zingesambazwa, shamba likawa tambarare, ulezi ukapandwa, na sura ya mahali pale ingekuwa haipo tena popote isipokuwa kichwani mwa mama mwenye miaka zaidi ya sitini.

"Mama," akasema Kalisti, "nionyeshe ni lipi. Nataka kumsalimia. Na wewe ukija kuondoka nijue."

Winifrida alimtazama mwanawe. Aliona kijana anayesema kweli. Aliona pia ule mdomo. Hata leo ulisema kweli, kama siku ile kibandani, na ile kweli ndiyo iliyoleta gari. Alitaka kumwonyesha kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Maisha yake yote alikuwa anamtafuta mtu wa kumpokea mzigo ule, na mtu ndiye huyu amesimama mbele yake, mikono mitupu, na hakuweza kumtwisha.

"Yote," akamwambia.

"Yote vipi, mama?"

"Msalimie kwenye yote. Vua viatu."

Kalisti alifungua mdomo, akaufunga. Akavua viatu, akavipanga pembeni. Akaanzia juu, tuta kwa tuta, anasimama, anafanya ishara ya msalaba, anasema kitu kifupi, anaenda lingine. Winifrida alimfuata nyuma na kibuyu, anadondosha tone moja kila tuta ili pombe itoshe. Walipokaribia lenyewe alisimama, akageuka, akajifanya anawatazama nguruwe kule bandani, uso wake usije ukamwambia mwanawe ni lipi. Akamsikia mwanawe anamsalimia Adolfu kwa adabu ileile, bila kumjua, kisha miguu yake mitupu ikaenda kwenye tuta linalofuata.